Vituo Tunavyo, Uzi Je? Safari ya Mgonjwa wa Unguja

Kuna swali limekuwa likinizunguka kichwani kwa wiki kadhaa sasa, na leo nimeamua kulitua hapa ili tusaidiane kulibeba. Mtu anaishi Michenzani, kitovuni kabisa mwa mji wa Zanzibar. Kila aina ya huduma ya afya iko mwendo wa miguu kutoka mlangoni kwake. Kwa nini basi mtu huyo huyo anapotea ndani ya huduma hizo?

Sisemi kupotea njia. Michenzani hapotei hata mgeni aliyeshuka boti jana, yale majumba marefu yenyewe ni dira tosha. Nasema kupotea kama mgonjwa. Huku anapimwa, kule anapewa dawa, pengine anaambiwa arudi baada ya mwezi, na hakuna mtu mmoja anayeijua habari yake yote isipokuwa yeye mwenyewe. Na yeye mwenyewe si daktari.

Vijana wa mjini tukizungumza habari za afya huwa tunazungumza majengo na mashine. Hospitali mpya inafunguliwa lini, mashine fulani ipo au haipo, madaktari bingwa ni wangapi. Si mazungumzo mabaya. Lakini nimekuwa nikisoma historia ya tiba katika kisiwa chetu, na kila nikisoma naona jambo moja linajirudia. Kujenga milango tunajua, tena tumejua tangu zamani. Kinachotushinda ni uzi wa kuiunganisha milango hiyo. Na pale tulipowahi kuufunga uzi huo, hata kwa simu ya kitochi, matokeo yalionekana. Twende taratibu.

Tuanzie ufukweni. Ukitoka Forodhani kuelekea bandarini utaliona lile jengo la roshani za mbao zilizonakshiwa, watu wanaliita Old Dispensary. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan. Mwenyewe akafariki mwaka 1891 kabla halijamalizika, na likakamilika mwaka 1894. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, likawa zahanati ya hisani kwa wasiojiweza: dawa zikitolewa chini, daktari akikaa juu. Likafanya kazi hiyo mpaka Mapinduzi ya 1964, kisha likaachwa mpaka lilipokarabatiwa miaka ya 1990.

Jengo lile linatuonesha sura ya tiba ya enzi zile. Kila mlango ulikuwa na mwenyewe. Jumuiya za Wahindi zilikuwa na zahanati zao, misheni ya UMCA ilikuwa na hospitali yake Mkunazini, serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na yake. Wengi wa watu wa mji waliishi Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe, na iliwapasa kuvuka kwenda kutafuta tiba kule. Huduma ilikuwepo. Mpango wa kuwafanya watoa huduma wajuane ndio uliokosekana.

Tusidhani Wazungu wenyewe walikuwa wamelimaliza jambo hili kwao. Mwaka 1920 daktari mmoja wa Uingereza, Bertrand Dawson, aliongoza kamati iliyotoa ripoti maarufu juu ya namna ya kupanga huduma za afya. Alichokisema ni rahisi kabisa. Kuwe na vituo vya msingi karibu na wananchi, nyuma yake kuwe na vituo vikubwa zaidi vyenye mabingwa, na nyuma ya hivyo kuwe na hospitali za kufundishia, vyote vikiwa vimeunganishwa. Mgonjwa aingie kwa mlango wa kwanza, na akihitaji cha pili apelekwe, asitume nafsi yake tu kwenda kubahatisha. Ripoti ile haikutekelezwa kama ilivyoandikwa, lakini wazo la "afya ya msingi" tunalolisema leo lina mizizi yake pale.

Haya, turudi nyumbani. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipindua na mambo ya tiba pia. Baada yake matibabu yakatangazwa kuwa bure. Hospitali kuu iliyokuwa ikiitwa Karimjee Jivanjee ikapewa jina la V. I. Lenin, na ndiyo Mnazi Mmoja ya leo. Madaktari wengi wa zamani waliondoka, wakaja wengine kutoka nchi za kijamaa. Mkoa wa Jiangsu wa China ulianza kutuletea madaktari mwaka ule wa 1964, na timu zake zimekuwa zikipokezana tangu wakati huo.

Ndipo tunapofika Michenzani. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walichora mpango wa mji mpya mwaka 1968, na Mzee Abeid Amani Karume akataka Ng'ambo ya vibanda iwe mji wa majumba. Yakaanza kusimama yale tunayoyaona, jumba moja likiwa na urefu wa karibu mita 300, utadhani treni imesimama stesheni. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, ujenzi ukaendelea bila yeye katika miaka ya 1970. Fikra iliyokuwa nyuma yake ilikuwa nzuri: mwananchi aliyenyimwa apewe nyumba bora, maji, umeme, skuli na matibabu, vyote karibu. Mlango uliokuwa wa wachache ukawa wa wote, na hilo si jambo dogo. Mtu asiyejua thamani ya kutibiwa bila kuulizwa mfuko awaulize wazee.

Lakini jengo halina kumbukumbu. Linaweza kumpokea mgonjwa leo na lisimjue kesho.

Mfano mzuri zaidi wa jambo hili ni malaria. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Zanzibar iliingia katika kampeni ya kuitokomeza malaria, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani, ambalo lilikuwa limetangaza vita ya dunia nzima mwaka 1955. Nyumba zilipuliziwa dawa ya DDT, kikosi baada ya kikosi, kijiji baada ya kijiji. Malaria ikashuka sana. Mwaka 1968 kazi ikasimamishwa, na miaka michache tu baadaye ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Mwaka 1969 shirika lenyewe likakaa chini na kuutazama upya mkakati wake. Somo mojawapo lilikuwa kwamba vikosi vya kupulizia dawa, hata viwe hodari vipi, haviwezi kusimama peke yao kama hapana huduma za msingi za kudumu. Kikosi kikiondoka, lazima abaki mtu wa kuona mgonjwa wa kwanza anapotokea na wa kumpigia mwenzake kelele. Sisi baada ya 1968 hatukubakiwa na mtandao wa namna hiyo.

Miaka kumi baadaye, Septemba 1978, wajumbe wa nchi 134 walikutana Alma-Ata, mji uliokuwa Umoja wa Kisovieti na leo unaitwa Almaty, Kazakhstan. Azimio lao linakumbukwa kwa ile kauli ya afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Wengi wetu tumeishia hapo. Ukilisoma lote utakuta limesema pia kwamba afya ya msingi lazima itegemezwe na mfumo wa rufaa unaofanya kazi, ambao ngazi moja inaisaidia nyingine. Yaani kituo kidogo kisiachwe peke yake, na hospitali kubwa isikae kama kisiwa.

Zanzibar ililichukua lile la kwanza kwa bidii. Vituo vya afya vikajengwa mjini na shamba mpaka ikafika hali kwamba karibu kila mtu anaishi ndani ya kilomita 5 kutoka kituo fulani. Nchi nyingi za Afrika zinatuonea wivu kwa hilo. Juu ya vituo hivyo zikawekwa hospitali ndogo, kama Makunduchi na Kivunge huku Unguja, Micheweni na Vitongoji kule Pemba. Juu yake hospitali za wilaya, na juu kabisa Mnazi Mmoja. Ngazi ikawa nzuri kwenye karatasi.

Na kulikuwa na uzi mmoja uliofanya kazi tangu mwanzo, ila hatuuoni kwa sababu tumeuzoea. Ni ile kadi ya kliniki ya mtoto. Asili yake ni daktari Mwingereza aitwaye David Morley, aliyefanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile nchini Nigeria miaka ya 1950 na 1960. Aliamua kwamba kumbukumbu ya uzito na chanjo za mtoto asibaki nayo nesi kabatini, akae nayo mama. Mama akienda kituo chochote, anayempokea anaisoma na kujua mtoto alipotoka. Karatasi moja tu, imekunjwa kwenye mkoba, inafanya kazi ambayo kompyuta nyingi zimeshindwa. Sasa jiulize, kwa nini mtoto wa miaka miwili ana kadi inayoeleweka kila mahali, na bibi yake mwenye presha hana?

Hapo ndipo mambo yanaponiuma. Jirani yetu mmoja ni bibi mtu mzima, anakaa ghorofa za juu, ana presha na sukari. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye ngazi anahema, kichwa kinamzunguka. Tukamsaidia kufika ndani, na binti mmoja wa jirani ambaye ni nesi akaomba kuziona dawa zake. Bibi akatoa kimkoba cha ukili kimejaa pakiti na madaftari matatu, kila daftari la mahali pake. Pakiti mbili zilikuwa na majina tofauti, lakini ndani ni dawa ile ile ya presha. Alikuwa akizinywa zote mbili.

"Bibi, dawa hizi zote kakupa nani?" nikamuuliza.

"Hii kanipa huyu, na hii kanipa yule, mjukuu wangu. Mie namtii kila mtu."

Mie namtii kila mtu! Hapakuwa na daktari mbaya katika habari hii. Kila mmoja alimpima, akaona presha iko juu, akafanya linalompasa. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake ameshafanya. Bibi hakukosa huduma, ila zilimzidi na hazikuwa zikisemezana. Namshukuru Mungu mzima hakuanguka kwenye zile ngazi.

Kuna daktari wa watoto wa Marekani aliyeitwa Barbara Starfield, amefariki mwaka 2011, aliyetumia maisha yake kuchunguza kwa nini nchi nyingine zinatumia pesa kidogo na watu wake wana afya njema zaidi. Alisema afya ya msingi ina nguzo nne. Iwe mlango wa kwanza wa mgonjwa. Iendelee naye miaka na miaka. Ishughulikie mambo yake mengi, si moja. Na nne, iratibu, yaani iwe ndiyo inayojua mgonjwa amekwenda wapi, amefanyiwa nini, na amerudi na nini. Nguzo ya nne ndiyo ngumu, kwa sababu haionekani. Huwezi kuikatia utepe.

Mjini inakuwa ngumu zaidi kwa sababu ya ukaribu wenyewe. Mtu wa shamba kule Nungwi atafikiri mara mbili kabla ya kupanda daladala kwenda Mnazi Mmoja. Mtu wa Michenzani anakwenda kwa miguu. Kituo cha Rahaleo kiko pale pale, lakini anakiruka, anaona kidogo. Leo yuko hospitali kubwa, wiki ijayo duka la dawa, mwezi ujao kliniki ya mtu binafsi. Ngazi iliyopangwa kwa uzuri inageuka kuwa soko, kila mmoja anachagua duka lake.

Je, inawezekana vinginevyo? Historia ya karibuni ya hapa hapa inasema ndiyo, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ni malaria ile ile. Mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto, na kuanzia mwaka 2006 vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumba vikaenezwa. Malaria ikashuka mpaka chini ya asilimia 1 ya watu wanaopimwa katika jamii. Tungeishia hapo, tungerudia kosa la 1968. Safari hii kukafungwa uzi. Mwaka 2008 vituo vikaanza kutuma kwa simu ya mkononi, kila wiki, idadi ya waliopimwa na waliokutwa na vimelea. Mwaka 2012 ukaja mfumo ulioitwa Coconut. Nesi wa kituo akigundua mgonjwa mmoja tu, taarifa inakwenda kwa simu, na afisa wa wilaya anapanda pikipiki kumfuata mgonjwa mpaka nyumbani, lengo likiwa ndani ya siku mbili hivi. Anapima kila aliyemo ndani ya nyumba ile, anayekutwa na ugonjwa anapewa dawa palepale. Mgonjwa hakuachwa atafute huduma. Huduma ilimtafuta yeye. Hapakujengwa hospitali hata moja kwa kazi hiyo. Kilichoongezwa ni kuwafanya watu waliokuwepo wajuane.

Mara ya pili ni ya akina mama. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walifanya jaribio hapa Unguja wakiongozwa na daktari wa Denmark, Stine Lund. Walichukua vituo 24 vya afya ya msingi na wajawazito 2,550. Nusu ya vituo wajawazito walipata ujumbe wa simu kulingana na umri wa mimba, pamoja na vocha ya kumpigia mkunga wa kituo. Nusu nyingine walipata huduma ya kawaida. Mwishowe asilimia 60 ya kundi la simu walijifungua mikononi mwa mtaalamu, na kundi lingine ni asilimia 47.

Lakini lililonishangaza ni hili. Ongezeko lile lilionekana kwa wanawake wa mjini. Kwa wa shamba halikuonekana. Fikiri kidogo. Mwanamke wa mjini hakuwa na tatizo la umbali, hospitali alikuwa anaiona. Alichokosa ni mtu wa upande wa pili anayemjua kwa jina na mwezi wake wa mimba, na namba ya kumpigia usiku uchungu ukianza. Alipopewa hicho, akaenda. Wa shamba alihitaji hicho pamoja na gari, na vocha ya simu haimbebi mtu. Kwa hiyo uzi hauondoi haja ya majengo na magari. Ila palipo na majengo na hapana uzi, kama Michenzani, uzi ndio dawa.

Mbegu ile imeendelea kuota. Programu ya Jamii ni Afya, ambayo kufikia mwaka 2021 ilikuwa imeenea wilaya zote 11 za Zanzibar, imewapa simu wahudumu wa afya wa kujitolea katika shehia zetu. Wanapita nyumba kwa nyumba kwa wajawazito na watoto wadogo, na wakimwelekeza mtu kituoni wanarudi kuuliza kama alifika. Hilo la kurudi kuuliza ndilo moyo wa jambo zima.

Na muda hautusubiri. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 1,303,569, ile ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Karibu laki tisa kati yetu tumejazana Mkoa wa Mjini Magharibi. Serikali imejenga hospitali mpya za wilaya na ile ya mkoa Lumumba, na mwaka 2023 ukaanzishwa Mfuko wa Huduma za Afya. Nayafurahia yote haya. Lakini kila mlango mpya ni mahali pengine pa kufungua daftari jipya kama hatukufikiri mapema. Wagonjwa wanaoongezeka sasa si wa malaria wa siku tatu. Ni wa presha, sukari, figo, maradhi ya kuishi nayo miaka 30. Maradhi hayo hayatibiwi na jengo, yanatibiwa na kumbukumbu.

Tufanye nini? Mimi si mtaalamu, naandika magazeti tu, lakini naona mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. Moja, kila mtu mzima mwenye maradhi ya kudumu apewe kadi moja, sawa na ya mtoto, inayoandikwa kila mahali anapotibiwa, kwa majina halisi ya dawa badala ya majina ya viwandani. Mbili, hospitali ikimaliza na mgonjwa wa rufaa irudishe majibu kwa kituo kilichompeleka, maana rufaa isiyorudi ni barua iliyotupwa baharini. Tatu, kila shehia ijue kituo chake, na kituo kiwe na orodha ya watu wake wa presha na sukari, ili asipotokea mtu mwezi mzima aulizwe yuko wapi. Afisa wa malaria aliweza kumfuata mgonjwa mmoja kwa pikipiki. Bibi mwenye presha naye ana anwani.

Mengine yanaanzia kwetu sisi watoto na wajukuu tunaojua kusoma maandishi madogo ya kwenye pakiti. Leo ukifika nyumbani mwombe mama au bibi akuoneshe dawa zake zote, za hospitali na za dukani. Zipange mezani, andika majina yaliyo kwenye maandishi yale madogo, kisha mpeleke na karatasi hiyo kwa daktari mmoja. Ukikuta mbili zinafanana, usimwachishe mwenyewe, kamuulize daktari.

Kisha niandikie hapa chini umekuta nini. Nina wasiwasi sitakuwa na jirani mmoja tu wa kumtolea mfano.